Hamira, Jiko na Joto la Garissa: Mwongozo wa Jenetiki Pasipo Maabara

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne mjini Garissa, kama mwenzake wa Wajir au Mandera, hukutana na jenetiki kwenye karatasi tu: njegere za Mendel, nzi wa matunda, miraba ya kujaza kwa penseli. Akiuliza kwa nini hakuna jaribio hata moja, hujibiwa kwamba shule haina maabara ya kufaa, na mazungumzo yakaishia hapo. Hayapaswi kuishia hapo. Sehemu kubwa ya jenetiki iligunduliwa na watu waliokuwa wakiangalia jambo moja: ni seli zipi zimeota, zimeota kwenye chakula gani, na zipi zimekataa. Swali hilo linaulizika kwa jiko la makaa, sufuria ya presha na pakiti ya hamira. Tena joto la Kaskazini Mashariki, ambalo watu hulilaumu kwa kila kitu, hapa linamsaidia anayeuliza. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au kiongozi wa klabu ya sayansi anayetaka kuifanya kazi kwa mikono yake, akijua sababu ya kila hatua na mahali pa kukomea.

Kwa nini hamira

Hamira ya mkate na mahamri ni kiumbe hai, Saccharomyces cerevisiae, kuvu wa seli moja. Seli yake haifanani na ya bakteria. Ina kiini, kama seli ya ngamia au ya binadamu. DNA yake imepangwa katika kromosomu, 16 kwa kila seti. Na ina mitokondria zenye DNA yao wenyewe. Mwaka 1996 hamira ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye kiini kusomwa DNA yake yote, herufi milioni 12 hivi, zikiwa na jeni karibu 6,000. Leland Hartwell alitumia hamira hiihii kutafuta jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli, na mwaka 2001 akawa mmoja wa walioshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Yoshinori Ohsumi aliipata mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli ya hamira inavyomeng'enya sehemu zake yenyewe inaposhikwa na njaa. Matokeo hayo yaliwafaa wanaochunguza saratani kwa sababu jeni nyingi za msingi za hamira zina ndugu zao ndani ya mwili wa mtu. Anayedhani kazi ya hamira ni mchezo wa jikoni basi ana kesi na kamati ya Nobel, si na mwalimu wa Garissa.

Sasa tuje kwenye mahali. Maabara duniani hupanda hamira hii kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, na katika chakula kizuri idadi ya seli hujirudufu kila dakika 90 hivi. Nairobi na Eldoret lazima ununue kabati la joto. Garissa usiku hushuka hadi nyuzi 22 au 25 na mchana hupanda hadi 35 na zaidi, hasa Februari na Machi, kwa hiyo chumba chenye kivuli huzungukia kiwango kinachotakiwa bila gharama. Ukiweka sahani zako ndani ya kisanduku cha kubebea barafu, bila barafu, mpando na mshuko wa joto unapungua zaidi. Mji nao uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya presha yenye shinikizo la pauni 15 hufika nyuzi 121 zinazoua viini vyote, jambo ambalo sufuria hiyohiyo hailifikii kikamilifu nyanda za juu.

Joto hilo lina upande wake mbaya, nao unaamua vifaa. Usijaribu kugandisha chakula cha hamira kwa gelatini: huyeyuka kabla ya adhuhuri, na katika mji wa Waislamu utaulizwa pia imetoka kwa mnyama gani. Tatizo la kuyeyuka si jipya. Mwaka 1881 Fanny Angelina Hesse, huko Ujerumani, alimshauri mumewe Walther, aliyefanya kazi katika maabara ya Robert Koch, aache gelatini iliyokuwa ikimwagika wakati wa kiangazi atumie agari. Agari hutokana na mwani, huyeyuka karibu na nyuzi 85 na huganda kati ya 32 na 40. Ndiyo maana Garissa unamimina sahani alfajiri, si saa nane mchana. Na usidanganyike na mwani unaolimwa Kwale na Zanzibar: unaolimwa kwa wingi huko hutoa karajinani, kitu kingine kabisa. Nunua agari ya unga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

☐ Hamira kavu, pakiti isiyofunguliwa, isiyokaa dirishani mwa duka juani
☐ Glukosi ya unga na glisarini, vyote vya duka la dawa
☐ Agari ya unga
☐ Sufuria ya presha itakayokuwa ya kazi hii tu
☐ Sahani za petri, au mitungi mifupi ya kioo yenye vifuniko
☐ Vijiti vya meno vya mbao, vikiwa vimechemshwa kwa presha ndani ya mtungi uliofungwa kwa karatasi ya foili
☐ Bomba za sindano zisizo na sindano, za mililita 1 na 10
☐ Taa ya spiriti, dawa ya klorini ya kusafishia meza, kipimajoto, mizani ndogo
☐ Kalamu isiyofutika na daftari la kurasa zenye namba

Kazi ya kwanza: chupa, puto na maziwa ya ngamia

Anza na jaribio lisilohitaji sahani, kwa sababu linaonyesha kiini cha bayolojia ya molekuli: jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, na kiumbe kinaweza kufanya kile tu ambacho protini zake zinakiwezesha. Hamira hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Lakini sukari ziko nyingi, na kila moja inadai vifaa vyake. Sukari ya duka, sukrosi, hukatwa vipande viwili nje ya seli na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo SUC2. Ndicho kimeng'enya ambacho Leonor Michaelis na Maud Menten walikipima mwaka 1913 katika utafiti ambao wanafunzi wa biokemia hawajaacha kuusoma. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji protini mbili: ya kuiingiza ndani ya seli na ya kuikata. Hamira ya mkate haina jeni ya hata moja kati ya hizo.

1. Chemsha maziwa ya ngamia hadi yafoke, yaache yachemke dakika kadhaa, kisha yapoe mpaka vuguvugu. Kuchemsha kunaua brusela, na pia bakteria wa kuchachua ambao wangetoa gesi yao na kukuharibia hesabu.
2. Andaa chupa tano za plastiki za nusu lita. A: maji mililita 200 na sukari vijiko viwili vya chai. B: maji mililita 200 na glukosi vijiko viwili. C: maziwa mililita 200 peke yake. D: maziwa mililita 200 na sukari vijiko viwili. E: kama A.
3. Tia kijiko kimoja cha hamira katika A, B, C na D. E isitiwe hamira.
4. Vika kila chupa puto mdomoni. Usifunge kizibo kamwe: gesi ikikosa pa kwenda, chupa hupasuka.
5. Andika hali ya kila puto kila baada ya dakika 20, kwa saa mbili.

Puto za A, B na D zitajaa. Ya E haitajaa. Ya C itabaki imelegea, au itainuka kidogo tu kwa akiba ya sukari ambayo hamira ilikuja nayo ndani ya seli zake. Wengi hukosea kusoma matokeo hapa. Wakiona C imelegea husema maziwa yameua hamira. Chupa D ndiyo inayowajibu: maziwa ni yaleyale na hamira ni ileile, ila kuna sukari ambayo hamira inaweza kuikata, na puto limejaa. Kwa hiyo hamira ilikuwa hai ndani ya maziwa, ikizungukwa na chakula isichoweza kukigusa. Bila D huna jaribio, una hadithi. Zoea kujiuliza, kabla ya kuweka chupa yoyote mezani, ni maelezo gani mengine ambayo chupa hiyo itayaondoa.

Mtu makini atauliza: ikiwa hamira haiwezi, suusac, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, huchachuka vipi? Swali zuri, na jibu lake limetafutwa hukuhuku Kenya. Kazi kubwa hufanywa na bakteria. Mmoja wao, aliyepewa namba CJ18, alitolewa kwenye suusac ya Kenya na DNA yake yote ikachapishwa mwaka 2012. Ni wa spishi Streptococcus infantarius, ambayo ndugu zake kwa kawaida huishi matumboni mwa wanyama na watu. Watafiti walimkuta na jeni za laktosi zinazofanana mno na za bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, na hitimisho lao ni kwamba jeni hizo zilihama kutoka spishi moja kwenda nyingine. Chupa C, kwa hiyo, inaonyesha kiumbe kisicho na jeni. Vibuyu vya wafugaji vimehifadhi kiumbe kilichoipata. Kwa mwanafunzi wa Garissa sidhani kuna mfano bora kuliko huo wa nini maana ya jeni, hata katika kitabu cha bei ghali.

Kazi ya pili: kukamata mutesheni kwa macho

Jaribio la kwanza linalinganisha spishi. Jenetiki yenyewe huanza pale unapowaona ndugu wa spishi moja wakitofautiana, na tofauti hiyo ikarithiwa. Hamira ina mutesheni moja inayotokea yenyewe mara nyingi kiasi cha kuonekana bila sumu wala mionzi: petiti, iliyoelezwa na Boris Ephrussi na wenzake mjini Paris mwaka 1949. Katika makundi mengi ya hamira, karibu seli moja kati ya mia huwa imepoteza au imeharibu DNA ya mitokondria zake, molekuli ya herufi elfu 85 hivi. Seli hiyo haiwezi tena kupumua kwa oksijeni. Inaishi kwa kuchachua glukosi tu. Mwanzoni hukua kama wenzake, lakini glukosi inapokwisha wenzake hugeukia ethanoli waliyoitengeneza wakaichoma kwa oksijeni na kuendelea kukua, yeye akakwama. Koloni yake hubaki ndogo. Na ukiiweka kwenye chakula ambacho hakichachuliki, kama glisarini, haioti kabisa.

Kutengeneza chakula

1. Chemsha gramu 20 za hamira kavu katika nusu lita ya maji kwa dakika 30 hadi 45. Seli zinakufa na kutoa protini na vitamini.
2. Acha itue ndani ya friji usiku kucha. Mimina maji ya juu, yachuje kwa kitambaa kizito, uongeze maji mpaka mililita 500. Ukiweza kununua dondoo la yisti na peptoni Nairobi, ruka hatua hizi mbili: tumia gramu 5 za dondoo na gramu 10 za peptoni kwa nusu lita ya maji, na matokeo yatakuwa safi zaidi.
3. Gawa katika chupa mbili za mililita 250. Ya kwanza, tia glukosi gramu 5 na agari gramu 5. Ya pili, tia glisarini mililita 7.5 na agari gramu 5.
4. Legeza vifuniko, pika kwa presha dakika 20 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Acha presha ishuke yenyewe. Ukiiharakisha, agari itafoka nje ya chupa.
5. Alfajiri, chupa ikiwa ya moto lakini inashikika mkononi, mimina mililita 20 hivi kwa kila sahani ukiwa karibu na mwali wa taa. Zima feni, funga madirisha. Vumbi la Garissa ni adui mkubwa wa kazi hii kuliko joto.
6. Ziache sahani siku moja zikiwa zimefunikwa. Yoyote itakayoota kitu kabla hujaigusa, itupe.

Kupanda

Kijiko cha hamira kina mabilioni ya seli, na ukizipanda hivyo utapata ukoko mmoja usiosema lolote. Inabidi uzizimue mpaka kila seli iangukie peke yake na kuzaa koloni yake, maana koloni moja ni kizazi cha seli moja. Koroga gramu 1 ya hamira katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa kwa presha na kupoa hadi nyuzi 38. Chukua mililita 1 uitie katika mililita 9 za maji safi; kutoka hapo mililita 1 nyingine katika 9 nyingine, na hivyo mpaka ufike mrija wa sita, kila mara kwa bomba jipya. Kwa hamira yenye afya, sehemu ya kumi ya mililita kutoka mrija wa tano hutoa koloni 100 hivi. Lakini hamira iliyokaa kwenye joto la duka huwa imepoteza seli nyingi, kwa hiyo panda sahani za glukosi kutoka mirija ya nne, ya tano na ya sita, halafu utumie ile iliyotoa koloni kati ya 30 na 300. Pindua sahani juu chini ili matone ya jasho yasidondokee koloni. Subiri siku tatu au nne.

Kupima

Sasa chagua koloni kumi kubwa na ndogo zote utakazoziona. Gusa kila koloni kwa kijiti kipya cha meno, uguse kwanza sahani ya glisarini kisha sahani ya glukosi, mahali palipotiwa namba ileile. Usigeuze mpango huo. Ukianza na glukosi, kijiti kitabeba sukari kwenye sahani ya glisarini na petiti itapata riziki ya kukudanganya. Baada ya siku nne au tano, kubwa zitakuwa zimeota pande zote mbili. Petiti itakuwa imeota kwenye glukosi tu, na upande wa pili kuna alama hafifu ya kile ulichokibeba.

KISANDUKU: MAKOSA YANAYOHARIBU KAZI HII
• Kuhesabu kila koloni ndogo kuwa petiti. Nyingine ni ndogo kwa sababu zimebanana na jirani, au zilichelewa kuamka. Glisarini ndiyo inayoamua.
• Kuacha sahani kwenye chumba cha bati mchana. Juu ya nyuzi 40 hamira hii husimama, na agari hukauka.
• Kuchukua koloni yenye manyoya au rangi ya kijani. Hiyo ni kuvu wa hewani. Usiifungue sahani hiyo tena.
• Kutoa jibu kutokana na sahani moja. Kwa kiwango cha moja kwa mia, sahani ya koloni 100 inaweza kuwa na petiti tatu au isiwe na hata moja. Jumlisha hesabu za darasa zima.

Pingamizi la maana dhidi ya jaribio hili ni hili: utajuaje kwamba koloni ndogo ni ya mutesheni, na si ya seli iliyoumizwa tu na kukaushwa kiwandani? Jibu liko katika urithi. Kutoka alama ya glukosi ya petiti, chota kidogo, zimua, panda upya. Seli iliyoumia ikipona huzaa watoto wa kawaida, wa ukubwa wote. Petiti huzaa petiti, sahani nzima, na hao nao wakipandwa huzaa petiti. DNA iliyopotea yote haina pa kurudia. Fanya hatua hii hata kama muhula unakaribia kwisha, kwa sababu ndipo jaribio linapovuka kutoka kutazama ukubwa wa vitu na kuwa jenetiki.

Pale hamira ya duka inapogota

Mwalimu mwenye ari atataka kuendelea na kuzalisha koloni mbili ili aone uwiano wa Mendel. Asijaribu kwa hamira ya duka. Wafugaji wa hamira ya mkate wameichagua kwa kuumua unga, na aina nyingi zina seti zaidi ya mbili za kromosomu au idadi isiyolingana, kwa hiyo hutoa spora kwa shida na spora nyingi hufa. Kwa kazi ya kuzalisha zinahitajika aina za maabara, zilizotokana kwa sehemu kubwa na ukoo uitwao S288C, na njia nyepesi ni kuomba kupitia idara ya chuo kikuu ambayo tayari inazo.

Dhana yenyewe, hata hivyo, inaeleweka bila kuziona. Seli ya hamira inaweza kuishi na seti moja ya kromosomu, nayo huwa ya jinsia moja kati ya mbili, a au alfa. Zikikutana huungana na kuwa seli ya seti mbili. Ukiinyima nitrojeni na sukari nzuri, seli hiyo hugawanyika kwa mayosisi na kuacha spora nne ndani ya mfuko mmoja. Njegere zilimpa Mendel wastani wa mamia ya mbegu. Hamira inakupa mazao yote manne ya mayosisi moja mkononi. Kama mutesheni iko katika jeni moja ya kiini, mbili zitakuwa nayo na mbili hazitakuwa nayo, kila mfuko, bila kubahatisha. Na hapo ndipo petiti ilipowashangaza watafiti wa Paris: ukizalisha petiti ya kawaida na hamira nzima, spora zote nne hutoka nzima. Hakuna mbili kwa mbili. Kilichoharibika hakikuwa ndani ya kiini, kwa hiyo sheria za kiini hazikukihusu.

Ukisoma maandishi ya fani hii utakutana na majina kama ADE2 na ade2. Herufi kubwa ni jeni nzima, ndogo ni iliyoharibika, na Ade2 ni protini yake. Hamira yenye ade2 hugeuka nyekundu inapopungukiwa na adenini, na ni aina nzuri ya kuomba kwa kuanzia kwa vile matokeo yanaonekana kwa macho. Kuna kundi moja la kuomba kwa tahadhari: mutesheni za joto, zile alizotumia Hartwell, ambazo huishi kwenye nyuzi 23 na kusimama kwenye 36. Nyuzi 36 katika makala za watafiti ni hali ya adhabu. Garissa ni saa saba mchana. Usipokuwa na friji inayofanya kazi saa zote, aina hizo zitasimama hata kabla hujaanza.

Suusac: hamu na mipaka yake

Kwa kuwa suusac ni ya hapa, kishawishi cha kuipanda kwenye sahani ni kikubwa. Utafiti wa Lore, Mbugua na Wangoh, uliochapishwa mwaka 2005, uliorodhesha yisti, yaani kuvu wa seli moja kama hamira, za suusac ya Kenya, zikiwemo Candida krusei na Rhodotorula mucilaginosa. Hiyo ya kwanza huishi katika vyakula vingi vilivyochachuka bila kudhuru. Mwaka 2018 ulinganisho wa DNA ulithibitisha kwamba yenyewe na Pichia kudriavzevii ya wataalamu wa vyakula ni spishi moja. Lakini kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka inaweza kuingia kwenye damu, na kwa asili haisikii dawa ya kuvu ya flukonazoli. Ongeza hatari ya brusela katika maziwa mabichi, na hukumu inakuwa rahisi: darasani tumia hamira ya duka, suusac iachiwe maabara yenye mtaalamu na kabati la usalama. Kuinywa ni jambo moja. Kuzidisha viini vyake mara bilioni kwenye sahani ni jambo jingine.

Chuo kinachotaka kuzitambua yisti hizo hutumia PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Kipande cha DNA kiitwacho ITS, kilicho kati ya jeni za ribosomu, kinafaa kwa sababu pande zake hufanana katika kuvu wengi ilhali katikati hutofautiana kutoka spishi hadi spishi. Mashine hupasha mchanganyiko hadi nyuzi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, huushusha hadi 55 hivi ili vianzio vishike pande hizo, kisha huupandisha hadi 72 kimeng'enya kikamilishe nakala. Mizunguko 30 hutoa nakala karibu bilioni kwa hesabu ya karatasi. Kimeng'enya lazima kihifadhiwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa umeme unaokatika hilo ndilo kikwazo halisi. Kwa wengi ni nafuu kupeleka sampuli Nairobi na kusoma jibu vizuri: mfanano wa asilimia 99 na spishi fulani si cheti kama kipande kilichosomwa ni kifupi au kama spishi jirani nayo ina 99.

Kabla ya sampuli kuondoka, kuna karatasi. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Yisti ya kibuyu cha mfugaji ni rasilimali ya kijenetiki, na kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinataka kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), ridhaa ya wenye rasilimali na makubaliano ya kugawana faida. Kina mama wanaouza maziwa sokoni Garissa waelezwe kinachochukuliwa, kwa Kisomali, kabla chupa haijajazwa. Na anayefikiria kuingiza jeni ngeni ndani ya hamira ajue kwamba Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inahusu hata kazi ya ndani ya maabara. Petiti zinazotokea zenyewe hazimo katika sheria hiyo.

Pingamizi mbili zilizobaki

Ya kwanza: tatizo la Kaskazini Mashariki ni walimu, si sahani. Ni kweli kwamba mapema mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na masomo ya sayansi yaliumia. Hamira haileti mwalimu. Lakini somo linaloshikika kwa mkono hudai mwalimu mmoja kwa vikundi vingi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Garissa aliyefanya kazi hizi mara moja anaweza kuziongoza shuleni wikendi. Somo la ubaoni halina nafasi hiyo.

Ya pili ni ya wazazi: chupa ya hamira na sukari hutoa pombe. Hutoa, kidogo, kama unga wa mkate unavyotoa kabla ya kuokwa. Mweleze mzazi mapema, mwonyeshe chupa, umwage kilichomo mbele ya darasa mara jaribio linapokwisha. Asionje mtu. Chupa zikifichwa ndipo maneno huanza.

Kufunga kazi

1. Pika kwa presha sahani zote zilizopandwa, dakika 30, kabla ya kuzitupa au kuziosha. Za plastiki zitayeyuka, kwa hiyo ziweke ndani ya bati.
2. Vijiti, mirija na mabomba viloweke katika dawa ya klorini kwa saa moja. Usichanganye klorini na spiriti.
3. Pangusa meza kwa klorini, nawa mikono kwa sabuni, kisha ujaze daftari: tarehe, tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya hamira, joto la chumba asubuhi na mchana, hesabu za kila sahani, pamoja na zile zilizoharibika.
4. Andika kwa rangi kwenye mfuniko wa sufuria ya presha: MAABARA. Isirudi jikoni, hata wakati wa harusi.